Samaki Wanaoungojea Mvua Udongoni

Mwezi wa Februari, dimbwi la kando ya barabara huko Muheza au Mkinga mkoani Tanga huwa halina hata tone. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi umepasuka na ng'ombe wanakatiza juu yake. Masika yakishika, dimbwi hujaa, na baada ya wiki chache mna samaki ndani: madume wa samawati wenye mikia myekundu, urefu wao usiozidi kidole, pamoja na majike wao wa kijivu. Hakuna mto wala mfereji ulioingia humo. Ni rahisi kudhani wameshuka na mvua.

Hawakushuka. Walikuwa humo humo tangu msimu uliopita, wakiwa mayai.

Kitaalamu huitwa Nothobranchius, na jamii zake nyingi zinapatikana Tanzania. Yule wa Unguja, Nothobranchius guentheri, alielezwa na wanasayansi mwaka 1893. Mwaka 1907 ikafika zamu ya Tanga: mtaalamu wa wanyama kutoka Uswidi, Einar Lönnberg, alimweleza Nothobranchius palmqvisti, anayeishi kwenye madimbwi ya pwani ya kaskazini hadi upande wa Kenya. Tanga si jangwa, lakini kwa samaki, dimbwi lililokauka miezi kadhaa lina tofauti gani na jangwa?

Kamongo naye huvumilia ukame, ila yeye hujichimbia matopeni akiwa mzima na kuvuta hewa kwa mapafu. Hawa wadogo hufa wote maji yakiisha. Kabla ya hapo, jike na dume hujibana ubavu kwa ubavu juu ya tope na kufukia mayai, moja baada ya jingine. Ganda la yai ni gumu na hulinda unyevu. Kiinitete kilichomo ndani kinaweza kusimamisha ukuaji wake katika hatua tatu: mwanzoni kabisa, katikati viungo vinapoanza kujengeka, na mwishoni kikiwa tayari kuanguliwa. Mayai hayaendi kwa mwendo mmoja. Mvua ya kwanza ikinyesha siku mbili kisha ikakata, watakaoanguliwa watakufa, lakini mengine hubaki yamelala, kama mbegu ambazo mkulima mwangalifu hakuzipanda zote siku moja.

Wanaotoka hawana muda wa kupoteza. Binamu yao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, ameonekana porini akipevuka na kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Maabarani, ambako maji hayakauki, samaki huyo bado huzeeka na kufa ndani ya miezi michache. Rangi hufifia, uti wa mgongo hupinda, uwezo wa kujifunza hupungua na uvimbe wa saratani hujitokeza. Panya wa maabara huhitaji miaka 2 hadi 3 kufikia hali hiyo, ndiyo maana watafiti wa uzee wamemkimbilia samaki huyu. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2015. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba samaki wa umri wa kati waliopewa bakteria wa utumbo wa samaki vijana waliishi muda mrefu zaidi. Huo ni ushahidi wa samaki tu. Anayeuza dawa ya ujana kwa kutumia jina lake anadanganya.

Kwa mkazi wa Tanga, swali lililo karibu zaidi ni la mbu. Samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu kwa pupa, na tayari mwaka 1941 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha makala iliyowapendekeza kama silaha ya kienyeji dhidi ya malaria. Wazo linavutia, maana samaki wengine wa kula viluwiluwi hufa dimbwi likikauka, ilhali hawa huacha mayai.

Hesabu, hata hivyo, haikai sawa kirahisi. Mmoja wa mbu wanaoeneza malaria hapa, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua: alama ya kwato, mkondo wa tairi, shimo la kuchimbia udongo. Huko yai huwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 14, na mayai ya samaki hayamo kabisa. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalikuta kwamba samaki wanaweza kupunguza viluwiluwi mahali fulani, lakini ushahidi wa kupunguza ugonjwa wenyewe haupo. Chandarua chenye dawa, kipimo cha haraka na dawa mseto bado ndiyo tegemeo.

Kuna hatari pia katika kuwaleta samaki wageni. Gambusia, samaki wa Marekani aliyesambazwa duniani kwa ajili ya mbu, hula mayai na vifaranga vya samaki wenyeji, na pia mayai na viluwiluwi vya vyura. Na madimbwi yenyewe yanapungua: mengine hufukiwa kwa kifusi barabara inapopanuliwa, mengine hupokea dawa za mashambani. Mayai yaliyo chini ya kifusi hayawezi kuhama. Dimbwi likifukiwa kiangazi, kizazi kizima cha samaki hao hupotea kabla mtu yeyote hajawaona.