Bomba la Baiskeli Lina Unene Gani?

Bumu likitoka, kuna wenzetu wa Kibondo na Kasulu wanaowaza kumnunulia mzee baiskeli. Kwenye mitumba zipo zile za aluminiamu, mabomba yamejaa mkononi, na baiskeli yenyewe unainyanyua kwa mkono mmoja. Pembeni imesimama Phoenix: mabomba membamba, nzito kama jiwe. Jicho linakwambia ile ya kwanza ndiyo ngumu. Ngoja kwanza.

Tunachokiona kwa macho ni kipenyo. Unene wa ukuta wa bomba hauonekani, na huo ndio wenye mambo. Phoenix ina chuma cha kawaida chenye ukuta unaozidi milimita 1. Chuma bora, kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, hupunguzwa mpaka milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati. Ujanja huo wa kunenepesha ncha tu, pale bomba linapoungwa, Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, aliupatia hataza mwaka 1897. Siku hizi kampuni hiyohiyo ina bomba la chuma kisichoshika kutu, namba 953, linalofika milimita 0.3. Hilo ni bati la geji 30 kabisa!

Aluminiamu ina uzito wa theluthi moja ya chuma, lakini ukakamavu wake nao ni theluthi. Dawa ni kutanua bomba. Uzito wa bomba hufuata kipenyo mara ukuta. Ukakamavu hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu mara ukuta. Kipenyo kikiwa mara mbili na ukuta nusu, uzito unabaki uleule, ukakamavu unakuwa mara nne. Sasa mbona wasiendelee kutanua tu? Chukua kopo la soda, ukuta wake kama milimita 0.1. Likisimama wima linabeba mtu. Liguse ubavuni, limenywea. Ndiyo maana fremu nyingi za aluminiamu zina ukuta wa milimita 1 hadi 2, mnene kuliko wa chuma bora. Titani iko katikati, karibu 0.9. Nyuzi za kaboni tuwaachie wenye mashindano yao.

Turudi Busunzu. Kule baiskeli ni lori: gunia la mahindi kwenye keria, mkungu wa ndizi juu yake, na milima ile unaijua. Chuma kikielemewa hupinda kabla ya kukatika, unapata taarifa. Tena mkazo ukiwa chini ya kiwango fulani, hakichoki hata urudie mara milioni. Aluminiamu haina kiwango hicho; kila shimo la barabarani linahesabiwa. Ikipasuka, inataka gesi ya agoni na kupashwa moto upya kwa vipimo, wakati Phoenix fundi wa kijijini anaichomelea asubuhi, mchana iko shambani. Na hicho chuma bora cha 0.5 mashine yake ingekitoboa tu. Kwa kazi ile, kwa maoni yangu, ukuta mnene wa chuma cha bei rahisi hauna mpinzani.

Ukienda kununua beba sumaku, hata ya spika mbovu. Iking'ang'ania, ni chuma. Isiposhika na bado unaitaka, kagua viungio, hasa chini ya usukani na pale pedali zinapozungukia. Ukikuta ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi, mwachie muuzaji baiskeli yake.