Kufuli la Kila Kituo

Zamani za ukoloni, barua iliyotoka Stanleyville, Kisangani ya leo, haikufika kusini kwa chombo kimoja. Tangu 1906 ilipanda treni hadi Ponthierville, sasa Ubundu, ili kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Ikapakiwa kwenye meli ya Lualaba hadi Kindu. Kisha, reli ya Kongolo ilipokwisha kujengwa, ikapanda treni tena. Usalama wa gunia ulitegemea mikono ya kila aliyelipokea. Barua pepe inayoandikwa leo Obokote, mkoani Maniema, husafiri vivyo hivyo. Seva ya mtumaji hutafuta kwenye orodha ya majina ya intaneti ni seva gani hupokea barua za anwani ile, kisha huikabidhi. Utaratibu wa makabidhiano hayo, SMTP, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, haukuwa na kufuli lolote. Kufuli lilikuja 1999 kwa amri ya STARTTLS: seva inayopokea hutangaza kwamba inaijua, nazo seva mbili hukubaliana juu ya ufunguo wa siri kabla barua haijasogea.

Wengi wetu tukiona alama ya kufuli kwenye simu hudhani safari nzima imefungwa. Lile ni la kipande cha kwanza tu. Kila seva ya njiani huipata barua ikiwa wazi, na ya mbele isipotangaza kufuli, kwa desturi barua hupelekwa hivyo hivyo. Mwizi aliyekaa katikati anaweza hata kulifuta tangazo hilo. Mwaka 2014 Google ilieleza kuwa asilimia 40 hadi 50 ya barua kati ya Gmail na watoa huduma wengine hazikuwa zimefungwa. Tangu 2018 kuna MTA-STS, ambayo kwayo ofisi inayopokea hutangaza mapema: msinikabidhi barua bila kufuli.

Kuna watakaosema Maniema watu hutumia WhatsApp. Kwa mazungumzo, ndiyo. Lakini maombi ya kazi na ya chuo hupita kwenye barua pepe, na aliyesahau neno la siri mara nyingi hutumiwa kiungo cha kuweka jipya huko huko. Anayeisoma barua hiyo ameshika funguo za milango mingine. Gharama ya kufuli nayo si kisingizio, maana shirika la Let's Encrypt hutoa bure vyeti ambavyo seva huvitumia kwa kufuli hilo. Na kwa siri isiyoonwa hata na seva, ipo programu ya PGP ya Phil Zimmermann, tangu 1991: mwandishi hufunga, mpokeaji peke yake hufungua, ila anwani hubaki zikisomeka juu ya bahasha.