Mayai ya Bata Yanapochelewa Kuanguliwa

Miongoni mwa jamaa zetu waishio Kitale na Bungoma wako akina mama wanaototolesha mayai ya bata kwa mashine, na swali lao kubwa ni moja: siku zimetimia, mayai yamenyamaza, je, mashine izimwe?

Kwanza tuulize, siku zipi? Kuku huanguliwa siku ya 21. Bata mweupe wa aina ya Pekin huchukua siku 28. Lakini yule bata mzito mwenye vinundu vyekundu usoni, anayefugwa sana majumbani, huhitaji siku 35 hivi. Anunuaye mayai sokoni asijue mama yao ni bata gani, akahesabu 28 kisha akayatupa, huenda ametupa vifaranga waliobakiza wiki moja tu.

La pili ni baridi. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na Bungoma mita 1,400. Usiku wa huko si usiku wa Mombasa. Mashine hutakiwa ishike joto la nyuzi 37.5, likipungua kidogo kila usiku, au umeme ukikatika, kifaranga huchelewa siku moja au mbili. Umeme ukipotea, mashine isifunguliwe. Ifunikwe blanketi, ila matundu ya hewa yaachwe wazi, kwani kule juu hewa ni nyembamba na kiumbe aliye ndani ya ganda anapumua. Wala joto lisizidishwe baadaye ili kufidia saa zilizopotea: ubaridi wa muda mfupi humchelewesha, joto la kupita kiasi humuua.

Siku tatu kabla ya kuanguliwa, mayai hayageuzwi tena, na maji huongezwa ndani ya mashine ili utando usikauke. Hapo ndipo subira za wengi huisha. Kifaranga hutoboa kwanza utando na kuingia kwenye nafasi ya hewa upande butu wa yai, kisha hudonoa ganda, kisha hutulia. Utulivu huo huweza kufika saa 24, hata 48. Mwenye mashine hudhani amekufa, kumbe damu iliyotandaa kwenye utando inarudi mwilini na kiini kinaingia tumboni. Mkono wenye huruma ukilibandua ganda wakati huo, mishipa hukatika na kifaranga hutoka damu hadi kufa. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hili.

Saa 48 zikipita na utando umekauka ukawa rangi ya kahawia, ulowanishwe kwa maji vuguvugu na ganda litanuliwe kidogo kidogo. Ikionekana damu, acha. Walioanguliwa tayari wasimfanye mtu afungue mashine kila saa, kwani kiini walichokimeza tumboni huwatosha siku nzima na zaidi.

Mayai yasiyodonolewa yasitupwe kabla ya siku mbili tatu kupita. Yamulikwe kwa tochi gizani. Kivuli kikicheza, yarudishwe. Lile ambalo kifaranga amefia ndani ni mzoga, halali kuliwa halina, wala lisiuzwe kwa wapika maandazi kwa bei ya kutupa. Lizikwe shimoni, mbali na kisima.