Viungo Vinavyokataliwa Machinjioni na Siri za Malisho

Ng'ombe anayefika machinjioni akiwa amenenepa na ngozi yake inang'aa anaweza kuwa amebeba maradhi ambayo mfugaji wake hakuyatambua hata siku moja. Ndiyo maana sheria za Tanzania na Kenya hutaka nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa, na ukaguzi huo hufanywa mara mbili: kwanza mnyama akiwa hai, ili anayeonyesha dalili za ugonjwa atengwe, kisha baada ya kuchinjwa na kuchunwa, ambapo mkaguzi hutazama, hupapasa na kuchanja viungo vya ndani pamoja na tezi za limfu, yaani vinundu vinavyochuja majimaji ya mwili na kunasa vijidudu. Kiungo kinachokataliwa katika hatua hiyo ya pili huwa ni hasara kwa mwenye nyama, lakini pia ni ushahidi wa mahali ng'ombe alikolishwa, maji aliyokunywa na viumbe alioishi nao.

Katika Afrika Mashariki, ini ni miongoni mwa viungo vinavyokataliwa mara nyingi zaidi, na chanzo kikubwa ni mnyoo bapa wa ini aitwaye kitaalamu Fasciola gigantica, mwenye umbo la jani na urefu unaoweza kufikia sentimita 7. Mkaguzi hukata upande wa ini unaoelekea tumboni ili kufungua mirija ya nyongo, kisha hulikamua. Ini lililoathirika hutoa nyongo nzito yenye rangi ya udongo pamoja na minyoo yenyewe, na pale ambapo ugonjwa umedumu muda mrefu, kuta za mirija huwa zimekuwa nene na kushikwa na chokaa kiasi cha kukwaruza kisu. Mayai ya mnyoo huyo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, na viluwiluwi vyake hukua ndani ya konokono wa maji kabla ya kutoka na kujigandisha kwenye majani ya kando ya mabwawa na mito, ambako ng'ombe huvila anapolisha. Wakati wa kiangazi, majani mabichi yanapobaki mabondeni tu, mifugo mingi hukusanyika huko, na hatari huongezeka. Ini bovu, kwa hiyo, huelekeza kidole kwenye malisho ya majimaji.

Mapafu nayo yana habari yake. Malengelenge makubwa yaliyojaa maji, ambayo huonekana pia kwenye ini, husababishwa na mnyoo mdogo wa mbwa, Echinococcus granulosus, ambaye akikomaa ana urefu wa milimita chache tu. Ng'ombe humeza mayai yaliyotoka na kinyesi cha mbwa, na mbwa huambukizwa anapokula viungo vyenye malengelenge hayo. Binadamu huambukizwa kwa kumeza mayai hayohayo, wala si kwa kula nyama, na eneo la Turkana nchini Kenya limejulikana kwa miongo mingi kwa wingi wa wagonjwa wanaohitaji kupasuliwa ili kuondolewa malengelenge hayo. Si kila pafu linalokataliwa, hata hivyo, lina ugonjwa, kwani mengine huharibika kwa sababu ng'ombe alivuta damu au chakula cha tumboni wakati wa kuchinjwa, na kosa hilo ni la uchinjaji, si la ufugaji.

Kwenye moyo, ulimi na misuli ya taya, mkaguzi hutafuta vilengelenge vidogo vya tegu, mnyoo ambaye jina lake la kitaalamu ni Taenia saginata na ambaye hukomaa ndani ya utumbo wa binadamu peke yake, akifikia urefu wa mita kadhaa. Ng'ombe aliyeambukizwa huonyesha kwamba kinyesi cha watu kilifika malishoni, na tiba ya tatizo hilo huanza kwa kujenga na kutumia choo. Uvimbe wenye usaha mkavu ndani ya tezi za limfu za kifua, kwa upande wake, huzusha shaka ya kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho huweza kumfikia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa.

Tatizo ni kwamba ushahidi huo wote kwa kawaida huishia machinjioni. Ng'ombe hupita minadani na mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, hivyo hasara ya ini lililokataliwa humwangukia aliyemnunua mwishoni, ilhali mfugaji aliyekwisha kulipwa huendelea kulisha wengine bondeni kulekule. Tanzania ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, ambayo huwezesha mnyama kuwekewa alama inayoonyesha alikotoka. Alama hiyo ikisomwa pamoja na matokeo ya ukaguzi, afisa mifugo anaweza kumshauri mfugaji kuhusu dawa ya minyoo inayofaa, wakati wa kuitumia na mabonde ya kuepukwa. Wakati huohuo, viungo vilivyokataliwa havina budi kuchomwa moto au kufukiwa kwenye shimo refu, kwa sababu pafu moja likitupwa nje ya ua wa machinjio hurudisha ugonjwa kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa hadi kwenye zizi na nyumba.