Seleniamu: Madini Yasiyoonekana Katika Shamba la Mpunga

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 55 za seleniamu kwa siku, kiasi kidogo sana. Ikipungua mno, kinga ya mwili hudhoofika na tezi ya shingo haifanyi kazi vyema. Nchini Uchina, upungufu huu ulihusishwa na ugonjwa wa moyo uliopewa jina la Keshan, eneo ulikotambuliwa mwaka wa 1935.

Mpunga wenyewe hauhitaji seleniamu ili ukue. Mizizi huifyonza kwa kuwa inafanana na salfa. Kwa hivyo mkulima anaweza kuvuna magunia mengi, mashuke yamejaa, na bado wali ukawa na upungufu.

Kuwepo kwa madini haya udongoni hakutoshi. Udongo mwekundu wenye asidi na chuma kingi huyashikilia, mizizi isiyapate. Nchini Malawi, watafiti walikuta mahindi ya sehemu nyingi yana seleniamu kidogo sana, lakini yale ya Bonde la Shire, penye udongo mweusi usio na asidi, yalikuwa nayo kwa wingi zaidi. Wakaazi wa kaunti hii wanazijua tofauti za namna hiyo: udongo wa Voi si wa Milima ya Taita, wala si ule wa Taveta unaonyweshwa na Mto Lumi na chemchemi ya Njoro Kubwa.

Jaruba nalo lina mambo yake. Maji yakituama kwa muda mrefu, hewa hupungua udongoni na seleniamu hugeuka kuwa katika hali ambayo mizizi haiichukui kwa urahisi. Kulowesha na kukausha kwa zamu huweza kusaidia, na huokoa maji. Mbolea ya SA, kwa kuwa ina salfa, huweza kushindana na seleniamu mizizini.

Ufini ilianza kuitia kwenye mbolea katikati ya miaka ya 1980, chini ya uangalizi wa serikali. Mkulima asijaribu hayo peke yake: ikizidi ni sumu, nywele hunyonyoka na kucha huharibika. Vidonge navyo visimezwe bila ushauri wa daktari. Samaki, mayai na nyama huongeza madini haya mezani.

Anayepeleka udongo maabara akumbuke kuwa kipimo cha kawaida huonyesha asidi na virutubisho vikuu. Seleniamu huombwa kando. Hata hivyo, kiwango cha asidi pekee tayari humpa afisa wa kilimo pa kuanzia.