Chipolopolo walivyokwenda kulipa deni Libreville

Siku chache kabla ya fainali ya Afcon 2012, wachezaji wa Zambia walishuka ufukweni Libreville, Gabon, wakiwa na mashada ya maua. Hawakwenda kupunga upepo.

Aprili 27, 1993, ndege ya jeshi iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na mji huo, muda mfupi baada ya kujaza mafuta. Safari ilikuwa ya Dakar, kucheza na Senegal kusaka tiketi ya Kombe la Dunia. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa Uholanzi na klabu yake ya PSV, na alipanga kwenda Senegal kivyake.

Timu nyingine ingejitoa. Zambia wakaokoteza vijana, Kalusha akavaa kitambaa cha unahodha, na kabla miezi 12 haijatimia wakatinga fainali ya Afcon 1994 kule Tunis. Elijah Litana aliwatanguliza, Emmanuel Amuneke akapiga mbili, Nigeria wakabeba kombe 2-1.

Wakasubiri miaka 18. Na kombe likawarudisha kulekule Libreville.

Februari 12, 2012 mbele yao walikuwa Ivory Coast ya Didier Drogba, Yaya Toure na Gervinho, timu iliyokuwa haijaruhusu bao hata moja kwenye mashindano yale. Mapema tu beki Joseph Musonda akaumia, akatoka analia. Dakika ya 70 Drogba akapewa penalti. Akaipaisha! Dakika 120 zikaisha 0-0.

Kwenye matuta presha ilikuwa juu kwelikweli. Hata kipa Kennedy Mweene alipiga yake, akafunga. Kisha Kolo Toure akakosa, Mweene akaipangua. Rainford Kalaba naye akapaisha, mashabiki wa Zambia wakashika vichwa. Gervinho akakosa. Stoppila Sunzu akaja, akafunga: 8-7.

Wakati wenzake wanarukaruka, Musonda alikuwa hawezi hata kutembea vizuri. Kocha Herve Renard akamfuata, akambeba mikononi kama mtoto, akampeleka katikati ya wenzake. Kalusha, safari hii akiwa rais wa shirikisho la soka la Zambia, alikuwepo uwanjani kuyaona yote.