Dubai: Mlima wa theluji ndani ya duka, na mambo anayopaswa kuyajua mgeni wa mara ya kwanza

Katika miezi ya Juni hadi Agosti, joto katika mji wa Dubai huzidi mara kwa mara digrii 40 za Selsiasi. Hata hivyo, ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, kando ya Barabara ya Sheikh Zayed, kuna mteremko uliofunikwa kwa theluji mwaka mzima, na watu huteleza juu yake wakiwa wamevaa makoti mazito na glovu.

Kwa familia nyingi zinazovuka mpaka kutoka Oman wakati wa sikukuu na likizo za shule, hapo ndipo mahali pa kwanza maishani pa kuigusa theluji kwa mkono. Wengi hutoka wakiwa na furaha. Wako pia wanaotoka na goti lililoteguka, au na majuto ya kununua tiketi isiyowafaa. Tofauti baina ya makundi hayo mawili mara nyingi haitokani na ujasiri, bali na mambo machache ambayo mgeni aliyafahamu, au hakuyafahamu, kabla ya kuingia.

Jengo lenyewe

Ski Dubai ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2005 na kampuni ya Majid Al Futtaim, ambayo ndiyo inayomiliki duka hilo. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Mashariki ya Kati. Eneo lake lina ukubwa wa mita za mraba 22,500, na ndani yake mna njia tano za kuteleza zenye viwango tofauti vya ugumu. Njia ndefu kuliko zote ina urefu wa mita 400, na kutoka kileleni hadi chini mteremko hushuka kiasi cha mita 60.

Wazo la kuuleta mlima ndani ya nyumba si jipya. Mwaka 1927, mjini Vienna, Austria, kituo cha treni kilichokuwa hakitumiki tena kiligeuzwa uwanja wa kuteleza, na badala ya theluji ya kweli ikatandazwa theluji bandia iliyotengenezwa kwa magadi. Leo majengo ya namna hiyo yako katika mabara kadhaa. Kampuni iliyojenga lile la Dubai ilifungua jingine karibu na Cairo mwaka 2017, na mwaka 2024 mji wa Shanghai, China, ulifungua jengo lililoyapita yote yaliyotangulia kwa ukubwa.

Theluji inapatikana vipi?

Swali la kwanza la watoto wengi ni iwapo theluji ile ni ya kweli. Jibu ni kwamba ni ya kweli, ila haikudondoka kutoka mawinguni. Usiku, wageni wanapokuwa wameondoka, ubaridi ndani ya jengo huongezwa zaidi, kisha maji safi hunyunyizwa hewani kwa matone madogo mno. Matone hayo huganda kabla ya kufika chini na kutua yakiwa punje za barafu. Chini ya theluji iliyotandazwa hupita mabomba ya kupoza ili tabaka la chini lisiyeyuke, na kuta na paa zimewekewa tabaka nene za kuzuia joto la nje. Mchana, wageni wanapokuwamo, hewa hubakishwa katika kiwango cha digrii 1 hadi 2 chini ya sifuri.

Maji ya Dubai kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Kwa hiyo, theluji anayoikanyaga mgeni huenda hapo awali ilikuwa maji ya Ghuba.

Tiketi ipi inamfaa nani?

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Zipo huduma za namna mbili. Ya kwanza ni bustani ya theluji, ambamo watoto na watu wazima hucheza, huteremka kwa vigari na mipira, na kuwatazama ndege aina ya pengwini ambao wamekuwapo tangu mwaka 2012. Huduma hii haihitaji ujuzi wowote. Ya pili ni njia za kuteleza, na hizo ni za mtu anayeweza kupunguza kasi, kugeuka na kusimama mwenyewe.

Anayenunua tiketi ya njia za kuteleza bila ya kuwa na uwezo huo hatoruhusiwa kupanda juu mpaka apate mafunzo. Hivyo, kwa asiyewahi kuvaa mbao za kutelezea, ununuzi wa busara ni somo la mwanzo pamoja na mkufunzi, si saa mbili za kuteleza peke yake. Familia yenye bibi, mama na watoto wadogo inaweza kugawanyika bila ya taabu: wanaotaka kujifunza waende kwa mkufunzi, na wengine wabaki bustanini.

Mwenye maradhi ya pumu au ya moyo, mwenye matatizo ya goti au mgongo, na mama mjamzito wanashauriwa kumwona daktari kabla ya safari. Hewa baridi na kavu huweza kuamsha pumu, na mwili unaotoka kwenye joto kali na kuingia baridini kwa dakika moja hupata mshtuko ambao kijana mwenye afya huenda asiuhisi.

Mavazi na viatu

Koti, suruali, viatu na mbao hutolewa mlangoni pamoja na tiketi. Glovu na kofia ya sufi ni vyema mgeni aje navyo au aulize mapema, kwani si kila tiketi huvijumuisha. Soksi ndefu za sufi au za kitambaa kisichonyonya maji ni bora kuliko za pamba, maana pamba ikilowa jasho hubaki na umajimaji na kuugandisha mguu.

Kanzu, abaya na buibui havifai juu ya mteremko, kwa kuwa vazi refu lililo wazi linaweza kunaswa na kiti cha kupandia au kuingia chini ya mbao. Suruali na koti vinavyotolewa ni vipana na vinausitiri mwili, na ushungi huvalika bila ya shida iwapo ncha zake zitaingizwa ndani ya koti.

Viatu vya kutelezea ndivyo vinavyowashangaza wengi. Ni vigumu kama gamba, huukamata mguu mpaka juu ya kifundo, na mtu akitembea navyo hutembea kama mwenye bandeji ya plasta. Kiatu kinachofaa ni kile ambacho vidole hugusa ncha mtu akisimama wima, kisha huachana nayo kidogo anapokunja magoti mbele, na kisigino hakinyanyuki. Soksi ziwe jozi moja tu. Anayeomba kiatu kikubwa zaidi ili astarehe ataupoteza udhibiti wa mbao zake mara tu atakapoanza kushuka.

Lipo jambo moja ambalo haya isimzuie mtu kulisema kwa ukweli, nalo ni uzito wake. Kiatu hushikiliwa kwenye ubao na kifungo ambacho hujifungua chenyewe mtu anapoanguka, ili ubao usiupinde mguu. Nguvu ya kifungo hicho hupangwa kwa kuzingatia uzito, urefu, umri na ujuzi wa mtu. Anayepunguza kilo kumi mbele ya mtumishi wa kaunta huweza kujikuta akivuliwa mbao bila ya sababu. Anayeongeza, au anayejidai kuwa fundi, huenda kifungo chake kisifunguke pale goti linapokihitaji. Goti ndicho kiungo kinachoumia zaidi kuliko vyote katika mchezo huu.

Saa ya kwanza

Somo huanzia mahali palipo karibu tambarare. Mkufunzi humvalisha mgeni ubao mmoja, humwacha azunguke nao, kisha humwongezea wa pili. Baada ya hapo hufundishwa umbo ambalo kila mwanafunzi wa mchezo huu hulijua: ncha za mbele za mbao hukaribiana bila ya kugusana, na za nyuma hutanuliwa, mpaka mbao zikafanya pembetatu. Watoto huambiwa wafikirie kipande cha piza. Kingo za ndani za mbao huikwaruza theluji, na mwendo hupungua. Kadiri pembetatu inavyopanuliwa, ndivyo mtu anavyokaribia kusimama.

Kugeuka hutokana na umbo hilo hilo. Anayetaka kwenda kushoto huelemea mguu wa kulia, na anayetaka kwenda kulia huelemea wa kushoto. Jambo hilo huonekana kinyume mwanzoni, lakini mwili hulizoea haraka kuliko akili.

Kilicho kigumu zaidi ni kuishinda hofu, kwa sababu hofu humvuta mtu nyuma. Mgeni anapouona mteremko mbele yake, mabega hurudi nyuma kana kwamba anataka kuketi. Akifanya hivyo, ncha za mbele za mbao huwa nyepesi, haziishiki tena theluji, na kasi huongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana wakufunzi hurudia amri ile ile: magoti yakunjwe, mikono iwe mbele, macho yaangalie mbali na si kwenye mbao. Katika mteremko, usalama huja kwa kuuelekea.

Aliyeruhusiwa kupanda juu hutumia viti vinavyoning'inia kwenye waya. Viti havisimami, mgeni hukaa vinapompitia, huteremsha chuma cha kinga, na anapokaribia kituo huinua ncha za mbao, husimama, kisha huteleza pembeni ili asimzuie anayemfuata.

Kuanguka na adabu za njiani

Kila anayejifunza huanguka. Anayehisi kwamba mizani imemtoka ni bora aangukie ubavuni, upande wa juu wa mteremko, kuliko kupigana mpaka mwisho. Mikono isitangulizwe chini, na fimbo ziachiwe, kwa kuwa kidole gumba huumia pale mkono unapoanguka ukiwa umeshika fimbo. Ili kuinuka, mbao hulazwa kwa kuukata mteremko, si kuelekea chini. Vinginevyo zitaondoka kabla ya mwenyewe kusimama.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo limeweka kanuni kumi za mwenendo, na ile inayomhusu zaidi mgeni ni kwamba aliye mbele na chini ana haki ya njia. Anayetoka nyuma ndiye mwenye jukumu la kumwepuka. Mtu asisimame katikati ya njia kupiga picha, hasa mahali asipoonekana na wanaotoka juu. Kofia ngumu ya kinga ivaliwe na wote, wakubwa kwa wadogo.

Gharama isiyoandikwa kwenye tiketi

Kuuweka mlima baridini katikati ya jangwa kunahitaji umeme mchana na usiku. Wakosoaji wameitaja Ski Dubai kwa miaka mingi kuwa mfano wa matumizi yasiyojali mazingira. Umeme wa Falme za Kiarabu bado hutoka kwa sehemu kubwa kwenye gesi asilia, ingawa kinu cha nyuklia cha Barakah, kilichoanza kuzalisha mwaka 2020, na mitambo ya jua vimebadilisha hesabu hiyo kwa kiasi. Watetezi husema kwamba jengo lililozuiliwa joto vizuri huhitaji nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani, na kwamba anayeteleza Dubai hapandi ndege kwenda milima ya Alps.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, mjadala huo unagusa kumbukumbu. Mwaka 1848, mmishonari Johannes Rebmann alipouona weupe ulio juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia aliuita kwa neno moja tu: baridi. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na Ikweta. Tangu mwaka 1912 mlima huo umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilieleza kwamba barafu iliyobaki huenda ikatoweka ifikapo mwaka 2050.

Wako wazee nchini Oman waliokulia Moshi au Arusha, ambao kwao theluji ilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali asubuhi, kabla mawingu hayajafunga. Wajukuu wao wanaigusa ndani ya duka. Mzee aliyefuatana nao si lazima avae mbao. Bustani ya chini inamtosha. Akumbuke tu kuchukua koti lake mlangoni kabla ya kuingia, na nguo kavu za kubadilisha kwa ajili ya watoto watakapotoka, kwa kuwa jasho lililopoa mwilini humwachia mgeni baridi njia nzima ya kurudi Maskati.